Nilijenga Chumba Kisicho na Dirisha Ili Kanisa Lisinione Nikivuta

Nimekosa! Niseme mapema kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Nikipewa dakika mbili za kuzungumza, nitakuwa nimeshajigeuza mtu mwema.

Mimi ni mzee wa kanisa huku Kendu Bay. Sisi ni Wasabato, na kwetu pombe na tumbaku hazitajwi ila kwa kukemewa. Mkemeaji mkuu ni mimi. Kwa miaka sita nimeongoza Idara ya Afya na Kiasi. Kila Sabato, kabla ya mahubiri, nasimama na picha kubwa ya mapafu mawili, moja safi na moja jeusi tititi, nawaonyesha watoto. Watoto wananiogopa. Nikipita sokoni wanaficha hata peremende za kijiti.

Na muda wote huo nilikuwa navuta.

Nilianza nikiwa kijana, nikipakia miwa kwenye malori kule Awendo. Baadaye nikaokoka, nikabatizwa. Mimi nilizamishwa majini nikainuka mtu mpya, sigara ikanisubiri ufukweni. Nilijaribu kuiacha mara tatu, na mara zote tatu nikaishia kununua pakiti nzima ya kujipongeza.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Kendu, na duka dogo la pili huko Awendo. Kila Jumapili nilikuwa nakwenda Awendo kukagua mali. Jumapili kwetu ni siku ya kazi, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Nikishahesabu mabati na misumari, nazunguka kwa njia ya nyuma hadi kilabu cha Mama Akinyi. Huko waliniita Ja-Kendu, yaani mtu wa Kendu, basi. Hakuna aliyejua kwamba kwenye gari nimeacha Biblia na ile picha ya mapafu.

Pombe sikugusa, jamani! Nilikunywa soda. Mimi nina msimamo.

Kilabu hicho zamani kilikuwa giza hata saa tisa mchana. Madirisha yalizibwa kwa makaratasi ya maboksi, na moshi ulijaa mpaka huwezi kumtambua aliyeketi meza ya pili. Wateja wengine walilalamika macho yanawawasha. Mimi nilimshukuru Mungu kwa moshi ule, maana ulinificha.

Sasa nikuelezee kuhusu Boke. Boke ni binti wa Kikuria kutoka upande wa mpakani, na ndiye aliyekuwa akihudumu pale na kuosha glasi. Ana pumu. Alikuwa na kile kichupa cha kupuliza mdomoni, inhela, na alikiweka ndani ya begi lake dogo jekundu lililoning'inia nyuma ya kaunta. Nilimwona akikimbilia begi hilo zaidi ya mara moja. Nilikuwa namwambia pole, halafu nawasha nyingine.

Siku moja akaja afisa wa afya, mwanamke mwembamba mwenye faili. Akasema sheria hairuhusu kuvutia ndani. Anayetaka kuvuta atoke nje, au pajengwe mahali pake penye hewa ya kutosha. Mama Akinyi hakubisha. Siku ya pili akang'oa maboksi yote madirishani, akaacha mlango wazi, akaweka benchi nje, mbele kabisa, kando ya barabara. Ukutani akaandika kwa rangi nyekundu: SIGARA NI KWA BENCHI.

Nilidhani wateja watazua vita. Wapi! Walifurahi, tena wavutaji ndio walifurahi zaidi. Kuna dereva wa lori la miwa tunamwita Ochi, mtu wa pakiti mbili kwa siku. Huyo alikuwa wa kwanza kukaa kwenye benchi.

"Mimi nasema asante," aliniambia. "Saa hii narudi nyumbani bibi hanusi shati. Na bia imerudi kuwa na ladha, omera, ndugu yangu! Kumbe miaka yote hii tulikuwa tunakunywa majivu."

Kila mtu alikuwa na raha isipokuwa mimi. Umeshaelewa kwa nini. Benchi lile linatazama barabara, na barabara ile inapitwa na kila mtu anayetoka Migori kwenda Rongo. Mzee wa kanisa atakaaje pale na sigara mdomoni, aonwe na kila mchungaji anayepita na pikipiki?

Ningeweza kuacha kuvuta. Ningeweza kukaa kwenye benchi niaibike kama mwanamume. Badala yake nikawa mtetezi wa haki za binadamu!

Nilisimama katikati ya kilabu, na chupa ya soda mkononi, nikahutubia. Nakwambia, ile sauti ninayotumia kanisani kukemea tumbaku niliitoa yote kuitetea. Nilisema sheria hii ni ya kuua biashara. Nilisema ni mambo ya wazungu. Nilisema tunadharau mila zetu.

"Nyanya zetu walivuta sigara wakiwa wameweka moto ndani ya mdomo!" nilipaza sauti. "Ndani ya mdomo! Nani aliwahi kuwaambia watoke nje?"

Ochi akakuna kichwa. "Lakini Ja-Kendu, nyanya yako alivutia kwake. Hakuvutia kwa pua ya Boke."

Walicheka mpaka meza zikatikisika. Boke pia alicheka, akaficha mdomo kwa kitambaa cha kupangusia glasi. Kicheko hicho kilinichoma. Niliondoka nikiwa nimeamua kwamba nitawashinda, na sasa ilikuwa zaidi ya sigara.

Jumapili iliyofuata nilimfuata Mama Akinyi kwa upole mwingi. Nikamwambia, sheria si imeruhusu mahali pa kuvutia? Basi mimi nitakujengea. Mabati yangu, misumari yangu, mbao zangu, fundi wangu. Bure!

Mwanamke wa biashara akisikia neno bure hufikiri mara mbili, na yeye alifikiri mara mbili.

"Wapi?" akauliza.

"Pale nyuma, kwa sinki. Kuna paa tayari. Tunazungushia mabati tu."

"Na Boke? Si hapo ndio anaoshea glasi?"

Sikia nilivyomjibu. Nimerudia maneno haya kichwani mpaka nimechoka nayo.

"Atazoea."

Chumba kikajengwa kwa siku mbili. Fundi aliniuliza dirisha liwe upande gani, nikamwambia hakuna dirisha. Akanitazama. Nikamwambia dirisha linaleta wezi. Lakini sheria ilitaka hewa, kwa hiyo nilinunua pazia zuri la maua nikalitundika ukutani, pale ambapo dirisha lingekuwa. Yule afisa wa afya alipokuja kukagua akasimama mlangoni, akaona pazia, akaandika kitu kwenye faili, akaenda zake. Nilijisifu kwa werevu huo wiki nzima!

Wateja wengi hawakukipenda chumba. Ochi aliingia mara moja, akatoka anakohoa, akarudi kwenye benchi lake. "Hiyo ni jiko," alisema. Waliobaki tukawa wachache, wazee watatu au wanne wenye siri zao. Na Boke, ambaye hakuwa na siri yoyote. Yeye alikuwa na glasi za kuosha.

Miezi minne ikapita. Nilimsikia akikohoa, nikasema ni vumbi la miwa. Nilimwona akiegemea sinki kati ya glasi na glasi, nikasema vijana wa siku hizi ni wavivu. Kanisani niliendelea na picha yangu ya mapafu, na nilianza hata kufundisha somo jipya kuhusu moshi unaomwingia asiyevuta. Lilikuwa somo zuri. Akina mama walilia.

Halafu makanisa ya kanda yetu yakaamua kufanya maandamano makubwa ya kupinga pombe na tumbaku. Mimi ndiye msemaji mkuu. Yafanyikie wapi? Mtu akasema Awendo. Nikapendekeza Magunga, kule karibu na mbuga, nikasema hata twiga wanahitaji kuonywa. Wakacheka, wakachagua Awendo.

Siku ilikuwa Jumapili. Maandamano yalikuwa yaanzie uwanja wa shule, yapite mjini, mimi niyapokee sokoni na kuhutubia saa tisa. Nilifika mapema, nimevaa suti ya kijivu na tai. Koo lilikuwa limekauka kwa wasiwasi. Nikajiambia, sigara moja tu ya kulainisha sauti, ili nipate kuihubiri vizuri vita dhidi ya sigara. Wewe cheka tu. Wakati ule niliona ni jambo la maana kabisa.

Nikaingia kwa geti la nyuma. Chumbani alikuwemo Boke peke yake, anaosha glasi za jana yake. Mama Akinyi na wateja walikuwa nje mbele, wamesikia kuna maandamano, wanataka kuona.

"Mzee, leo uko smati," Boke alisema. Sauti yake ilikuwa inakwaruza.

Nikawasha ya kwanza. Nikawasha ya pili.

Mara nikasikia ngoma za vijana wetu, na vipaza sauti, na nyimbo. Nilijua watapita haraka kwenda sokoni. Hawakupita! Nyimbo zikaja mpaka mbele ya kilabu, zikatulia hapo. Kisha nikasikia sauti ninayoifahamu kuliko zote duniani, sauti ya mke wangu. Yeye ndiye mwenyekiti wa Dorkasi, kundi la akina mama wa kanisa, na siku hiyo ndiye aliyeshika kipaza sauti.

"Tusimame hapa!" alisema. "Mzee wetu hajaonekana sokoni. Tukimngoja, tuwaimbie hawa ndugu zetu waliofungwa humu ndani."

Wakaanza wimbo wa beti nne.

Nyuma yangu kukatoka mluzi. Niligeuka nikadhani ni birika. Ilikuwa ni kifua cha Boke! Amekamata sinki kwa mikono miwili, mabega yanapanda na kushuka, midomo imebadilika rangi.

"Mzee," alisema. "Begi. Kwa kaunta."

Kaunta ilikuwa hatua kumi. Nimekuja kuzihesabu baadaye, ni kumi kamili. Unatoka kwenye chumba changu cha mabati, unaingia ukumbi wa mbele, unachukua begi jekundu. Lakini ukumbi ule sasa ulikuwa na madirisha wazi na mlango wazi, kwa sababu ya sheria ile njema, na kutoka barabarani mtu anaiona kaunta yote. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Niliona vitambaa vya kijani vya Dorkasi. Nilimwona mke wangu. Niliona watoto wa darasa langu la afya, wamebeba bango nililoliandika mwenyewe.

"Ngoja kidogo," nikamwambia Boke. "Ubeti huu unaisha."

Jamani, nilisema hivyo! Mtu hapati pumzi, namwambia asubiri ubeti!

Ubeti uliisha, ukaja mwingine. Wimbo uliisha, wakaanzisha wa pili, kwa sababu mzee wao alikuwa bado hajafika. Kadiri nilivyojificha ndivyo walivyozidi kuimba. Boke alipiga magoti sakafuni, mkono mmoja umenishika suruali. Nikaanza kuomba. Ndiyo, niliomba, tena kwa machozi! Lakini sikuomba Boke apumue. Niliomba wale watu waondoke.

Wimbo wa tatu ulikuwa katikati Boke alipoanguka, na kreti la glasi likaanguka naye.

Mama Akinyi alisikia, akaja mbio. "Boke! Yawa, nyathini, mtoto huyu!" Alinitazama mimi, akatazama kichungi cha sigara mkononi mwangu, akakimbia mpaka kaunta, akarudi na inhela. Muda wote ule aliotumia, kwenda na kurudi, haukufika nusu dakika. Akampulizia mara mbili, mara tatu. Boke akafungua macho kidogo tu.

"Beba yeye!" Mama Akinyi alinifokea. "Si uko na gari? Beba!"

Nikambeba. Gari lilikuwa mbele, upande wa pili wa barabara, nimelificha nyuma ya malori ya miwa. Hapakuwa na njia nyingine. Nikatoka kupitia mlango wa mbele wa kilabu, na Boke mikononi, mbele ya kanda nzima ya kanisa.

Ngoma zilinyamaza. Nikajua nimekwisha.

Kisha mke wangu akapaza sauti kwenye kile kipaza sauti. "Ameokoa mtu! Kumbe mzee alikuwa ndani anaokoa mtu! Oneni hata koti lake linavyonuka moshi wa hiyo jehanamu!"

Watu wakapiga makofi. Wengine wakalia. Vijana wakanifungulia njia, na mtu akanifungulia mlango wa gari, akaniita shujaa.

Hospitalini daktari aliniuliza msichana huyu amekaa katika hali hii dakika ngapi. Nikasema mbili. Zilikuwa nyimbo mbili na nusu.

Boke hakufa. Namshukuru Mungu, na hapa sina mzaha. Lakini alikaa wodini wiki mbili, na kifua chake hakijarudi kuwa kile cha zamani. Kazi ya kilabu iliisha. Hawezi kubeba mtungi wa maji kutoka kisimani bila kukaa chini njiani, kwa hiyo mama yake, mzee wa kutembea kwa fimbo, ndiye anayemtekea.

Na mimi? Mimi nilipandishwa cheo! Kanda ilinifanya kiongozi wa Afya na Kiasi wa makanisa yote. Wakapanga Sabato ya shukrani, Boke na mama yake waalikwe, nisimulie jinsi nilivyoongozwa na Roho kuingia kilabuni.

Kabla ya siku hiyo nilikwenda kumwona Boke. Nilibeba gunia la unga na kuku wawili. Alikuwa ameketi nje kwenye mkeka. Hakuvitazama vitu vyangu.

"Mzee, mimi sitaki unga," alisema polepole, kwa sababu siku hizi maneno yake yana mapumziko. "Sema tu ukweli kwa hao watu wako. Sema ulikuwa unavuta. Sema niliomba begi. Basi. Hiyo nyingine nitakusamehe."

Nikaweka mkono kifuani nikaapa. Na nilimaanisha! Njia nzima ya kurudi Kendu nilikuwa najizoeza maneno.

Sabato ikafika. Kanisa lilijaa hadi nje. Boke aliketi benchi la tatu na mama yake. Nikapewa kipaza sauti. Nikamtazama Boke, naye akanitazama, akaniitikia kwa kichwa kunitia moyo. Yeye! Ananitia moyo mimi!

Nikafungua mdomo. Nikasema, "Ndugu zangu, siku ile nilisikia sauti ikiniambia, ingia ndani ya nyumba ile, kuna roho inataabika."

Amina ilitikisa mabati ya paa.

Boke akasimama, akashika mkono wa mama yake, akaanza kutembea kuelekea mlangoni. Kati ya benchi la tatu na mlango alipumzika mara mbili. Hakugeuka. Watu walimpisha kwa huruma, na mke wangu akaninong'oneza, "Maskini, anatafuta hewa." Nikaendelea na ushuhuda wangu mpaka mwisho, kwa sababu watu walikuwa wanaupenda.

Kesho yake gunia la unga lilirudishwa dukani kwangu, pamoja na wale kuku. Hakukuwa na barua.

Mama Akinyi amebomoa kile chumba. Alinipigia simu. "Ja-Kendu, mabati yako nimetoa. Tuma mtu achukue, wewe usikanyage hapa." Ochi na wenzake wanavutia kwenye benchi lao, mchana kweupe, na hakuna aliyekufa kwa kuonekana.

Sigara nimeacha tangu siku ile. Kumbe inawezekana! Miaka yote ile nilikuwa nasema haiwezekani. Uongo ndio bado sijauacha, ndiyo maana naandika bila jina, na Sabato ijayo nina mafunzo ya makanisa manane, pamoja na picha yangu ya mapafu. Mke wangu ameshanipigia pasi ile suti ya kijivu.

Wewe unayesoma, jifunze kwangu. Kama unavuta, toka nje, kaa kwenye benchi, uonwe na mama mkwe na mchungaji na chifu wako. Utaona aibu, na kesho yake utaamka. Kama una kilabu, na mzee wa suti akaja na mabati ya bure kukujengea chumba kisicho na dirisha, muulize anamficha nani. Akisema wafanyakazi watazoea, mpe sifongo na kreti la glasi, umfungie humo yeye, aoshe.

Mimi nilikaa humo saa moja kila Jumapili. Boke alikaa humo miezi minne, na siku aliponiomba hatua kumi, nilimpa nyimbo.